Siku tano, reli mbili: Dar es Salaam hadi Kigoma

Siku ya kwanza, Jumatatu. Dar es Salaam hadi Kilosa

Baba mdogo hakutaka kuitwa msafiri. "Mimi nakwenda kuikagua njia, mama," aliniambia tukiwa kwenye foleni ya ukaguzi wa mizigo pale stesheni, kikapu cha ukili mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Ana miaka 74. Aliingia kazini 1974, enzi ya reli ya Afrika Mashariki, akalikuta Shirika la Reli Tanzania linaundwa 1977 Jumuiya ilipovunjika, akastaafu 2003. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa genge, yaani kikosi cha kutunza njia, kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe. Nyundo begani, spana kiunoni, na jembe la kuzibulia mitaro.

Nilimwomba tusafiri wote mpaka Kigoma, Agosti hii ya 2025, kwa sababu nilitaka kuiona reli yetu kwa macho yake: ya umeme hadi Dodoma, ya Mjerumani kuanzia hapo mpaka ziwani.

Treni iling'oka kwa dakika ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi. Tulianza juu ya daraja refu lililonyanyuliwa juu ya jiji, mabati ya Buguruni na foleni za magari zikiwa chini yetu, kisha Pugu. Hapo Pugu ndipo Rais John Magufuli alipoweka jiwe la msingi, 12 Aprili 2017. Kipande cha kwanza, kilomita 205 hadi Morogoro, kilitakiwa kikamilike Novemba 2019. Abiria wa kwanza wa kulipa nauli wakapanda 14 Juni 2024. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na korona na kulikuwa na fedha za mikopo zinazotoka kwa mafungu, lakini kuna jambo moja ambalo mpaka leo linaniuma: njia ilitangulia vyombo vyake. Mabehewa ya mwanzo kutoka Korea Kusini yalishushwa bandarini mwishoni mwa 2022, wakati reli ya Morogoro imeshalala juu ya mataruma ya zege ikisubiri kitu cha kupita. Chuma kinacholala bila kazi nacho kina riba, na riba hiyo inalipwa na mama muuza mchicha.

Baada ya Soga mwendo ulifika 160 kwa saa. Niliona kwenye kioo cha juu, kwa sababu mwili hausikii. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa karibu na dirisha, amefumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Haisemi," akasema.

"Nini, baba mdogo?"

"Reli. Hii haisemi kitu."

Akanieleza kwamba reli ya zamani imeungwa vipande kwa sahani na boliti, na kila gurudumu likivuka kiungo linagonga. Mtu wa genge akipanda treni anasikiliza: mlio huu kiungo kimekaa, huu boliti imelegea, hapa kokoto zimezama. Anashuka anajua kesho aanzie wapi. Hii mpya imechomelewa ikawa mkanda mmoja, haina viungo vya kugonga. "Sasa anayeitunza anaisikiaje?" Nilimwambia kuna vyombo vya kupima, vinavyopita juu ya reli na kuandika kila mpindo. Alitikisa kichwa polepole. Hakubisha, ila niliona swali limebaki.

Kwala, mkoani Pwani, tuliona makontena yamepangwa. Bandari kavu ya pale ilizinduliwa 31 Julai 2025, siku moja na treni ya mizigo ya SGR, yaani reli hii mpya. Morogoro tulifika kabla ya saa mbili kwisha. Basi siku nzuri linachukua karibu saa nne.

Tulishuka Kilosa. Stesheni mpya iko mbali kidogo na mji, tukachukua bodaboda mbili kwenda kwa binamu yangu, na jioni jua lilipopoa baba mdogo akaomba tumpeleke mtoni.

Mkondoa ukiuona mwezi wa nane huwezi kuuogopa. Mchanga mweupe mpana, maji yanatambaa katikati, watoto wanachota kwa ndoo. Reli ya zamani inapita ubavuni mwake, mahali pengine umbali wa kurusha jiwe. Wajerumani waliopita hapa baada ya kuifikia Morogoro 1907 walilifuata bonde la mto kwa sababu ndilo lililopasua milima. Hawakuwa na mashine za kutoboa kila kilima. Kosa lao, kama ni kosa, tunalilipa mpaka leo. Milima ya Mpwapwa na Kilosa imekatwa miti na kulimwa mpaka kwenye miteremko, mvua ikinyesha udongo wote unashuka na mto Kinyasungwe kuingia Mkondoa, kitanda cha mto kinajaa mchanga na kunyanyuka, na maji yakikosa nafasi yanakwenda kwenye tuta la reli. Desemba 2009 na Januari 2010 yalibeba kila kitu: tuta, madaraja, reli ikabaki inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Njia ilifungwa kwa miezi, abiria wa Kigoma na Mwanza wakawa wanapakiwa mabasi hadi Dodoma ndipo wapande treni. Na bado kila masika yenye nguvu habari za kipande hiki zinarudi magazetini.

Baba mdogo alishuka kwenye tuta kwa kushikilia bega langu, akafika kwenye kalavati. Mdomo wake ni mpana wa kuingia mtu aliyeinama. Alichungulia, akaingiza fimbo, ikazama kwenye mchanga mkavu mpaka nusu.

"Hili la kwetu," akasema. "Kabla ya vuli tulikuwa tunalitoa mchanga wote. Wote, mama. Mkuu wa genge alikuwa anawasha kibiriti upande huu, sisi upande wa pili tunatakiwa tuuone moto."

Siku ya pili, Jumanne. Kilosa hadi Dodoma

Kutoka Kilosa reli mpya haikukubali kufuata mto. Imepanda, imevuka juu ya madaraja, na pale milima ilipokataa imetobolewa: mahandaki manne, jumla yake kama kilomita 2.6. Gizani taa za behewa ziliwaka, masikio yakaziba, kisha tukatoka kwenye mwanga na chini yetu kukaonekana reli ya zamani, nyembamba kama mshono, na mto ukiwa pembeni yake. Baba mdogo alinionyesha nyumba za genge, za mawe, mbili zimeezuliwa.

Hapa nakiri kwamba waliochora njia hii walijifunza. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora, kilomita 336 za njia kuu, kiligharimu dola bilioni 1.9 na zaidi, na sehemu kubwa ya fedha hizo imezikwa kwenye mlima huu. Lakini daraja refu halizuii udongo wa Mpwapwa kushuka. Kama miteremko itaendelea kulimwa hivi, miaka ishirini ijayo mchanga utakuwa umefika kwenye magoti ya nguzo hizi nzuri. Kuinusuru reli ni pamoja na kupanda miti Mpwapwa, na kazi hiyo haina utepe wa kukata.

Tulipokaribia Igandu, baba mdogo alivua kofia. Ni hapa, 24 Juni 2002, treni ya abiria iliposhindwa breki, ikarudi nyuma kuteremka, ikashika kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Alikwenda na wenzake kusaidia. Hajawahi kunisimulia, nami sikumwuliza. Treni ya umeme inapita hapo kwa muda mfupi kuliko wa kusoma Baba Yetu. Mfumo wa ishara uliofungwa kwenye SGR unaweza kuifunga treni breki wenyewe endapo dereva atapitiliza, na kati ya mambo yote niliyosoma kuhusu mradi huu, hilo ndilo lililonipa usingizi.

Dodoma kabla ya chakula cha mchana. Tulilala kwa rafiki yake wa zamani, naye mstaafu wa reli, aliyekuwa upande wa mabehewa. Usiku wazee hawa wawili walizungumza kuhusu ule mkataba wa 2007, nami nikaandika.

Nchi ilikuwa imechoka na reli inayokufa, ikaamua kuikodisha kwa miaka 25. Kampuni ya RITES ya India ikachukua asilimia 51 ya hisa, Serikali 49, ikazaliwa kampuni ya TRL ya kuendesha treni. Reli yenyewe, madaraja na stesheni vikabaki kwa kampuni nyingine ya Serikali, RAHCO. Mkataba ule haukufika hata miaka mitano. Yalisemwa mengi: vichwa vya treni vya kukodi, migomo ya mishahara, mtaji usioonekana. Mzee wa mabehewa anaona tatizo lilikuwa dogo na wazi zaidi. "Magurudumu ya huyu, njia ya yule. Behewa likianguka, huyu anasema njia mbovu, yule anasema gurudumu bovu. Na wote wana karatasi za kuonyesha." Mabadiliko makubwa ya reli hii, kwa maoni yangu, ni ile sheria ya 2017 iliyoziunganisha tena TRL na RAHCO kuwa shirika moja, TRC, hata kuliko umeme na kasi. Sasa kwa kuwa Serikali inawakaribisha waendeshaji binafsi kuleta treni zao juu ya reli hii, namwombea atakayeandika mikataba hiyo akae kwanza na mzee huyu jioni moja.

Siku ya tatu, Jumatano. Dodoma hadi Tabora

Treni ya zamani ilitoka Dar jana yake jioni, ikatukuta Dodoma. Daraja la pili kulala, vitanda sita kwa chumba, dirisha linaloshushwa kwa mkono. Ilipong'oka tu, chini yetu ikaanza kuongea. Taka-taka, kimya, taka-taka. Baba mdogo alitabasamu kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

Kuanzia Bahi tuliiona SGR ikienda nasi, mara kulia mara kushoto, mpaka Makutupora. Hapo nyaya za umeme zinakwisha. Mkataba wa Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021, wa Tabora hadi Isaka na wa Tabora hadi Kigoma ukafuata 2022, na mkandarasi wa Isaka hadi Mwanza alishaanza kabla yao. Ramani yote imegawiwa. Lakini tulichokiona dirishani ni tuta jekundu linaloanza na kukatika, nguzo za daraja zisizo na mgongo, na mitambo iliyoegeshwa. Naelewa kwa nini wengi wanashangilia na wengi wananung'unika, na naona pande zote mbili wanasema kweli. Tulianza vipande vyote kwa pamoja, na fedha haziji kwa pamoja.

Saranda tulinunua kuku. Anayesafiri reli ya kati asiponunua kuku Saranda hajasafiri. Akina mama wanakimbia na sinia kichwani kabla treni haijasimama, kuku wa kienyeji wamekaangwa wakakauka, chumvi na pilipili pembeni kwenye kipande cha gazeti. Yule aliyetuuzia aliniambia amesomesha watoto watatu kwa dirisha hili. Treni ya 160 kwa saa itakuwa na kituo hapa? Na kama itakuwa nacho, vioo vyake havifunguki. Sisemi reli isubiri kuku. Nasema kwenye michoro ya stesheni mpya kuwe na banda, maji na mahali pa moto kwa ajili ya wanawake hawa, wapangwe tangu mwanzo, wasije kufukuzwa na walinzi baadaye.

Kutoka Saranda treni inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni. Kichwa cha dizeli kilinguruma, mwendo ukashuka mpaka mtu angeweza kutembea pembeni. Tulisimama kwenye stesheni ndogo kusubiri treni ya mizigo ipite, kwa kuwa njia ni moja na wa kupanda na wa kushuka hawawezi kukutana ila penye reli ya kupishania. Yalipita matangi ya mafuta na makontena. Baba mdogo aliyahesabu kwa sauti ya chini, kama babu anavyohesabu ng'ombe wakiingia zizini.

"Hizi zilizokuwepo zamani zilikuwa ratili 56," akaniambia, akinionyesha reli kwa kidevu. Yaani uzito wa kila yadi ya chuma. Sasa hapa ni ratili 80, kutokana na ukarabati wa mkopo wa Benki ya Dunia uliofanyika Dar hadi Isaka, kilomita 970. Huo ni mradi ambao haukuimbwa. Hauna treni ya pua iliyochongoka, hauna kiyoyozi. Lakini reli nyepesi hulazimisha kichwa chepesi, kichwa chepesi huvuta mabehewa machache, na penye udhaifu huwekwa amri ya kwenda polepole, moja, mbili, mpaka treni nzima inakuwa amri ya kwenda polepole. Kubadilisha chuma hicho ndiko kulikoirudishia reli ya kati pumzi wakati ile mpya ikiendelea kujengwa.

Itigi giza liliingia. Vichaka, vumbi la baridi, nyota. Tabora tulifika usiku mzito.

Siku ya nne, Alhamisi. Tabora hadi Kigoma

Tabora treni hugawanyika. Wanaokwenda Mwanza wanabaki na mabehewa yao, sisi wa Kigoma na wa Mpanda tunapewa kichwa kingine, na Kaliua wa Mpanda watatuacha. Kulikuwa na migongano ya vyuma gizani, mtu na taa yake akipita chini ya madirisha, sauti ikiita "rudi, rudi, basi!" Mji huu ndio wenye chuo cha reli. Vijana wawili wa chuo walipanda na kukaa chumbani kwetu. Mmoja anasomea ishara, mwingine njia. Yule wa njia alipojua mzee ni nani, alisema "shikamoo" mara ya pili.

Alfajiri, baada ya Usoke, baba mdogo alinigusa mguu. "Umesikia?"

Nilisikia. Mlio wa viungo ulikuwa umebadilika: mkavu zaidi, wa haraka, na behewa likiyumba kiunoni. Huku ukarabati ule wa Isaka haukufika, kwa sababu wenyewe uligeuka kaskazini hapo Tabora. Kijana wa chuo akatoa simu na kurekodi sauti. Wakaanza kubishana, mzee na kijana, kiungo kipi kimelegea na kipi kina kokoto chache, na nilipowaacha Kaliua nikaenda kutafuta chai, niliporudi Nguruka walikuwa bado. Kijana alikuwa amechora mchoro wa kalavati kwenye daftari lake, na pembeni ameandika: "kibiriti".

Reli hii ilifika Kigoma Februari 1914. Miezi sita baadaye vita vikaanza. Mataruma mengi huku ni ya chuma, mgongo wake kama beseni lililopinduliwa, na mengine yana umri mkubwa kuliko taifa. Tulivuka Malagarasi, maji mapana ya kijani na matete. Uvinza, mji wa chumvi, watoto walikuwa wanatoka shule, na kengele iliyowatoa ilikuwa kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mwembe, kinapigwa kwa boliti. Kinalia vizuri sana, kwa mlio mrefu.

Kabla ya Kigoma tuliona tena udongo mwekundu uliokatwa upya. Ni SGR ikija kutoka upande huu, kilomita 411 za njia kuu kurudi Tabora, na Uvinza ndipo tawi la Burundi linapotarajiwa kuchepuka kwenda Musongati.

Siku ya tano, Ijumaa. Kigoma

Stesheni ya Kigoma imekaa mwisho wa barabara ya mji, jengo la Kijerumani lenye matao, linaangalia ziwa. Nyuma yake reli zinakwenda mpaka bandarini. Kwa reli hii ndiyo ilikuja meli nzima, ikiwa vipande kwenye maelfu ya makasha kutoka Papenburg, ikaungwa hapa na kuitwa Graf von Goetzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 tunaiita Liemba.

Bandarini nilizungumza na mama mmoja mfanyabiashara wa Uvira, Kongo, anayesubiri boti na sabuni zake. Nilimwuliza kama amesikia habari za treni ya umeme. Amesikia, na picha ameziona. "Mizigo iko," akasema kwa Kiswahili cha kwao, "njia njo shida." Bidhaa zake zimekuja kwa lori kutoka Dar, na lori ndilo lililokula faida yake. Mama huyu, na wenzake wa Kalemie na Bujumbura, ndio watakaoilipia SGR. Nauli ya abiria wa Dodoma, shilingi 31,000 daraja la kawaida, ni baraka kwa abiria, lakini haiwezi kurudisha mabilioni ya dola. Leo kontena likifika Dodoma kwa reli pana lazima lihamishiwe reli nyembamba au lori, na kila kuhamisha ni siku na ni fedha. Ndiyo maana moyo wangu uko kwenye vile vipande vyenye tuta jekundu lililokatika, Makutupora hadi huku. Bila hivyo tumejenga treni nzuri ya kwenda Dodoma.

Baba mdogo hakuja bandarini. Nilimkuta kule reli inapoishia, amekaa juu ya rundo la mataruma ya chuma yaliyong'olewa, anaongea na vijana wawili wa genge wenye fulana za rangi ya chungwa. Walikuwa wanamwonyesha spana zao. Alikuwa amewauliza maili ngapi wanazishika, wakamjibu kwa kilomita, naye anapiga hesabu kwa vidole.

Jioni tulinunua dagaa na migebuka mikavu, tukaenda kukata tiketi za kurudi. Aliomba kiti cha dirishani. Karani akamwuliza upande gani, mzee wangu.

"Upande wa mto," akasema. "Vuli inakuja."